Kujenga hapa, kulipa kule: sheria haisemi "panda miti popote"

Ni imani ya siku nyingi: mjenzi akiharibu mazingira kwenye kiwanja chake, anatoa fedha, miti inapandwa popote, yamekwisha. England hali si hiyo.

Tangu Aprili 2, 2024, hata miradi midogo, kwa kawaida nyumba 1 hadi 9 kwenye eneo lisilofika hekta moja, hutakiwa kuongeza bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe na makazi yao, kwa asilimia 10 kuliko ilivyokuwa kabla ya ujenzi, isipokuwa ile iliyosamehewa. Huanzwa na kiwanja chenyewe. Kikiwa finyu, mjenzi hununua yuniti za makazi ya viumbe (vipimo vya thamani ya makazi hayo) kwenye shamba la mtu mwingine.

Hapo ndipo "miti popote" inapogonga mwamba. Chukua ua wa miti hai uliong'olewa kupisha njia ya magari. Huo hupimwa kwa urefu, katika fungu lake peke yake. Ukipanda msitu mzima, deni la ua bado liko palepale. Shamba likiwa mbali na mradi, yuniti zake hupungua thamani. Tena lazima liwe kwenye rejista ya Natural England, shirika la serikali la uhifadhi wa mazingira, limefungwa kisheria litunzwe kwa miaka isiyopungua 30. Mpango wa mjenzi wa kutimiza hiyo asilimia 10 usipoidhinishwa na halmashauri, ujenzi hauanzi.

Kuilipa serikali moja kwa moja kunaruhusiwa, ila ni hatua ya mwisho, na bei imewekwa juu makusudi.

Shaka yangu iko kwenye ukaguzi. Miaka 30 ni mingi, na halmashauri nyingi zina upungufu wa wataalamu wa ikolojia.