Nyota zinazotembea pamoja si lazima ziwe ndugu

Jioni za mwezi wa tano ukitoka nje ukaangalia juu upande wa kaskazini utaona nyota kali ya rangi ya chungwa, ndo Arcturus hiyo, iko miaka nuru kama 37 kutoka kwetu. Mwaka 1971 mwanaastronomia Olin Eggen akasema ina wenzake, nyota zimetawanyika huku na huku ila mwendo wao ni mmoja, zote zinazunguka galaksi zikiwa na kasi ndogo kuliko ya Jua kwa karibu kilomita 100 kila sekunde. 2004 ikaja hoja kwamba hayo ni mabaki ya galaksi ndogo iliyomezwa na ya kwetu. Hoja tamu, mi niliipenda.

Ila mwendo peke yake hautoshi jamani. Panda daladala ya Kariakoo asubuhi, wote mnaenda kumoja, lakini mtu akifungua mdomo tu lafudhi inamtaja, huyu Mpemba, yule wa Kanda ya Ziwa. Lafudhi ya nyota ni kemia yake. Mwanga wake tunautawanya rangi kama upinde wa mvua, humo kunatokea vimistari vyeusi, chuma kina mahali pake na magnesiamu pake, ukipima mstari umekolea vipi unajua kitu hicho kipo kiasi gani. Na nyota hubaki kwa sehemu kubwa na mchanganyiko wa lile wingu la gesi ilikozaliwa.

Sasa magnesiamu inatoka kwa nyota kubwa zinazowahi kulipuka, chuma kingi kinakuja baadaye sana na milipuko ya vibete vyeupe, yaani viini vilivyobaki vya nyota zilizokufa. Galaksi ndogo inazaa nyota polepole, chuma kinaikuta bado iko njiani, kwa hiyo nyota zake nyingi zina magnesiamu haba ukilinganisha na chuma.

2009 kundi la Arcturus likapimwa, kumbe lafudhi mchanganyiko tupu, zinafanana na nyota za kawaida za humu humu! Kundi jingine la nyota za mwendo mmoja, la Hercules, nalo 2007 lilitoa jibu kama hilo, huko mtuhumiwa mkuu ni mhimili wa nyota ulioko katikati ya galaksi, unazunguka na mvutano wake unazikusanya nyota zisizojuana.

Tukabaki na kundi la tatu, HR 1614, ambayo 2007 ilionekana familia moja kabisa, chuma karibu sawa. Tukaifundisha hivyo miaka, mpaka 2020 vipimo vipya vikaonyesha nayo ina umri tofauti tofauti na chuma tofauti tofauti.