Chuma kwenye meko ya Wamarekani wa kale: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Bamba la nyuma ya meko lilikuwa pambo tu." Sivyo. Enzi za makoloni, meko ya Marekani yalijengwa ukutani kwa matofali au mawe, na moto wa magogo uliyala matofali ya nyuma. Bamba zito la chuma cha kusubu liliyakinga, likanyonya joto na kulirudisha chumbani hata moto ukififia. Nakshi za maua na ngao juu yake hazikuongeza kazi kubwa: fundi alikandamiza kielelezo cha mbao kwenye mchanga wenye unyevu, akamimina chuma kilichoyeyuka, basi.

"Yote yaliagizwa Uingereza." Mengine, ndiyo. Lakini tanuri la kuyeyushia chuma la Saugus, Massachusetts, lilianza kazi mwaka 1646, na Wajerumani wa Pennsylvania walipamba mabamba ya majiko yao kwa visa vya Biblia. Wanaousifu ufundi huo mara nyingi huwaruka Waafrika waliotumikishwa utumwani kwenye matanuri ya Maryland na Virginia. Hata Pennsylvania, Mark Bird, aliyeanzisha tanuri la Hopewell mwaka 1771, alimiliki watumwa.

"Mwaka ulioandikwa ndio mwaka wa kutengenezwa." Hapa ndipo wanunuzi wanapolizwa. Bamba kongwe laweza kukandamizwa mchangani likawa kielelezo, na nakala ikazaliwa na tarehe ileile. Ila chuma husinyaa kwa takriban asilimia 1 kikipoa, kwa hiyo nakala huwa ndogo kidogo kuliko mama yake, na kingo za nakshi hulegea. Chukua futi ya kupimia kabla ya kusoma tarehe. Kutu nayo isikudanganye. Bamba jipya likinyeshewa nje hupata kutu upesi.

"Sanamu za askari wa Hesse ni za wakati wa vita vya uhuru." Hivi ni vyuma viwili vya kuegemezea magogo, vyenye umbo la askari wa Kijerumani waliokodiwa na Uingereza. Husimuliwa kwamba vilitengenezwa ili Wamarekani wawatemee mate mekoni. Simulizi tamu, lakini vingi vilivyo sokoni ni vya karne ya 19 na 20. Vyuma vya namna hiyo vya zamani zaidi, aghalabu, vilifuliwa na mhunzi, au vilikuwa vya shaba kwa wenye nazo.

"Jiko la Franklin lilifana tangu siku ya kwanza." Jiko hili la chuma, la kuwekwa ndani ya meko, Benjamin Franklin alilitangaza kwa kijitabu mwaka 1744, tena akakataa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi. Muundo wake wa awali ulisumbua kwa moshi. Majiko mengi yanayoitwa kwa jina lake leo ni ya muundo uliorahisishwa baadaye.