SHA: kujisajili si kulipa, na mengine yanayowachanganya Wakenya na wageni

Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa nchini Kenya, ichukue nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya hospitali, tarehe 1 Oktoba 2024, mabishano mengi hutokea kwenye dawati la malipo hospitalini, mgonjwa akiwa tayari amepewa kitanda. Sehemu kubwa ya mabishano hayo hutokana na dhana chache tu.

"Nimejisajili, kwa hivyo nina bima"

Hii ndiyo inayowagharimu watu zaidi. Sheria ya mwaka 2023 iliunda hazina tatu, na kila moja ina masharti yake. Ya kwanza, ya huduma za msingi, hugharamiwa na kodi: ukiwa umejisajili tu, unatibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya levo ya 2 na 3 vilivyo na mkataba na SHA, hata kama hujachanga shilingi. Ya pili ni SHIF, hazina ya bima ya afya ya jamii, inayolipia kulazwa, upasuaji na kujifungua, na hii ni ya aliyelipa mchango. Ya tatu, ya dharura na magonjwa sugu, hulipia dharura, na huendeleza matibabu ya magonjwa sugu pale kiwango cha SHIF kinapokwisha. Mgonjwa wa saratani ambaye hajalipia SHIF asitarajie kuirukia moja kwa moja.

Wajawazito ndio hunaswa hapa. Mpango wa Linda Mama, wa kujifungua bila malipo, haupo tena. SHIF hulipa hospitali shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, mradi mchango uwe umelipwa. Hospitali ya kibinafsi ikitoza zaidi ya hapo, tofauti inatoka mfukoni mwako. Ulizeni kabla ya siku yenyewe.

"Asiye na mshahara hulipa 300 kwa mwezi"

Shilingi 300 ni kiwango cha chini, si bei ya kila mtu. Asiyeajiriwa hujibu maswali kuhusu hali ya nyumba yake: kuta na paa ni za nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, taa ni za umeme au la, ana mifugo. Kutokana na majibu hayo mfumo hukadiria mapato ya familia na kudai asilimia 2.75. Asiyemaliza maswali hapati kiwango cha kulipa, na wengi hukwama papo hapo wakidhani wameshamaliza usajili.

Jambo la pili ni kwamba mchango huo hulipwa wa mwaka mzima. Kiwango cha chini kinakuwa 3,600; familia iliyokadiriwa kupata 20,000 kwa mwezi inadaiwa 550 mara 12, yaani 6,600. Enzi ya NHIF mtu angeweza kulipa 500 za mwezi akishaugua na kuacha akipona, na hazina ya namna hiyo haiwezi kudumu. Hata hivyo, kwa mama mboga anayepata pesa ya kila siku, mkupuo huo ni mzito kweli. Ndiyo maana kukaanzishwa Lipa SHA Pole Pole, ya kulipa kwa awamu.

"Mwajiri naye huchangia nusu"

Hapana. Hayo ni ya NSSF, hazina ya pensheni, na ushuru wa nyumba. Asilimia 2.75 yote hutoka kwa mfanyakazi, kwenye mshahara kabla ya makato, na haina kikomo. NHIF iliishia 1,700; sasa mwenye 100,000 hukatwa 2,750 na mwenye 500,000 hukatwa 13,750. Mume na mke wakiwa wote wameajiriwa, kila mmoja hukatwa wa kwake.

Kazi ya mwajiri ni kukata na kuwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Asipowasilisha, hati yako ya mshahara itaonyesha makato huku mfumo wa hospitali ukionyesha hujalipa. Usingoje kuugua: piga *147# na uangalie hali ya malipo yako, kisha uipeleke idara ya wafanyakazi ukikuta pengo.

Kuwa na bima ya kibinafsi hakukuondolei wajibu huu. Ni ya nyongeza tu.

"Mgeni haimhusu"

Mgeni anayeishi Kenya zaidi ya miezi 12 anatakiwa kujisajili. Anayekuja kwa muda mfupi kuliko huo anatakiwa kuwa na bima yake ya afya. Aliyeajiriwa na mwajiri wa Kenya hukatwa asilimia 2.75 ile ile. Hakikisha nambari ya hati uliyojisajilia, iwe kitambulisho cha mgeni au pasipoti, ndiyo aliyo nayo mwajiri. Zikitofautiana, pesa zinaweza kutoka kwako zisionekane kwenye jina lako. Wakimbizi hutumia hati zao za ukimbizi.

"Familia yote inaingia yenyewe"

Mchango mmoja humkinga mwenza na watoto bila kulipia kila kichwa, lakini kila mmoja lazima aongezwe kwenye akaunti, mtoto mchanga pia. Walioandikwa NHIF wasidhaniwe wamehama wenyewe. Fungua akaunti uhesabu majina. Wazazi wako hawamo. Wao ni kaya yao: hujisajili, hujibu maswali na kupata kiwango chao, na hapo ndipo wewe unaweza kuwalipia.