Hujalihifadhi, umelivundika: kuhusu gia za kuvaa za pikipiki na mifuko ya nailoni

"Fundi, jaketi nimeliweka vizuri kabisa, nimelifunga kwenye nailoni hata vumbi halijagusa, sasa mbona limeota ukungu?"

Limeota kwa sababu umelifunga. Nashona na kusafisha gia za waendesha pikipiki, jaketi, suruali, glavu, helmeti, na hilo swali nimelijibu kwa simu, kwa meseji, uso kwa uso, mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja halafu nitakuwa natuma linki tu. Watu wameaminishwa kwamba adui wa gia iliyokaa ndani ni vumbi. Jamani. Vumbi unapiga brashi dakika mbili limetoka. Sijawahi kuona jaketi limekufa kwa vumbi la chumbani. Yanayokufa yanakufa kwa maji, na maji yenyewe hayakutoka nje, yametoka mwilini mwako.

Fikiria jaketi la kitambaa la kawaida. Nje kuna nailoni au poliesta nzito, chini yake membreni, yaani utando mwembamba wa kuzuia mvua, chini tena bitana ambayo kwenye mengine ni ya kuchomoa. Ukiwa umelivaa joto la mwili linausukuma mvuke wa jasho utoke nje kupitia membreni, polepole. Ukilivua, kile kilichokuwa kinasukuma hakipo tena! Unyevu uliobaki unakaa palepale, kwenye bitana, kwenye sponji ya kola, nyuma ya padi za mabega na viwiko. Kwa nje unagusa unaona pakavu, unasema limekauka, unaliingiza kwenye mfuko, unafunga fundo. Weka mkono kwenye mfuko wa padi ya mgongo uone. Hapo ndo pa mwisho kukauka na ndo pa kwanza kuota.

Ukungu unataka vitu vitatu: chakula, joto la kawaida na unyevu. Chakula umeshaupa, jasho, mafuta ya mwili, magamba ya ngozi yako, na kama jaketi ni la ngozi basi jaketi lenyewe ni chakula. Joto la chumbani linautosha. Kwa hiyo kimebaki kimoja tu unachoweza kukidhibiti. Hewa ya chumba ikiwa na unyevu chini ya asilimia 60 hivi ukungu unapata shida, ikipita 70 na kukaa hapo siku kadhaa unaanza kufurahia. Sasa mfuko uliofungwa wenye jaketi bichi ndani, hewa yake inapanda mpaka karibu na 100. Ndo maana nasema hujalihifadhi, umelivundika.

Halafu lazima mtu aseme, "lakini niliweka kile kipakiti cha silika, zile punje za kunyonya unyevu." Haya, tupige hesabu. Kile kipakiti kidogo kilichokuja na viatu kina gramu mbili tatu, na silika inashika maji kama theluthi moja ya uzito wake, au kidogo zaidi. Yaani gramu moja. Matone kama 20 ya maji. Bitana iliyolowa jasho la safari ndefu inaweza kubeba zaidi ya gramu 100. Na usisahau kipakiti chenyewe kimekaa wazi kabatini tangu uliponunua viatu, kimeshashiba zamani. Silika inafanya kazi, siikatai, lakini kwenye kitu KIKAVU kilichofungwa, kwa kiasi cha kutosha, na iwe inakaushwa upya kila ikishiba. Haikaushi jaketi.

Kwa hiyo mpangilio wa gia nyumbani, kabla hujafikiria kabati zuri na hanga za picha picha, unaanza na jambo moja: uwe na sehemu mbili. Sehemu ya kukaushia na sehemu ya kutunzia. Nyumba nyingi nilizoona zina moja tu, ndoano nyuma ya mlango, kila kitu kinarundikwa hapo, jaketi juu ya suruali juu ya jaketi la mvua, na la mvua ndo limelowa. Sehemu ya kukaushia haihitaji ukubwa, inahitaji hewa inayopita. Hanga moja yenye mabega mapana, zipu zote wazi pamoja na za hewa na za mifukoni, bitana imechomolewa inaning'inia peke yake, padi zimetolewa zimewekwa pembeni, feni ndogo inapuliza kutoka chini. Kesho yake usiku unahamisha. Kama ulinyeshewa, ongeza siku. Hakuna njia ya mkato hapa, na feni ya bei rahisi inashinda dawa yoyote ya kupulizia inayonukia maua.

"Si nianike juani basi?" Hapa ndo huwa napandwa presha, maana jibu si ndio wala si hapana na watu hawapendi hivo. Bitana, soksi, kitambaa cha ndani cha helmeti kilichofuliwa, hivi anika, juani saa moja au mbili havina shida. Lakini nailoni ya nje ya jaketi inaharibiwa na miale ya jua kidogokidogo. Rangi inapauka kwanza, na ile rangi iliyopauka ni taarifa kwamba nyuzi nazo zinachoka, na nyuzi ndo zinazokukinga na lami ukianguka. Siku moja haiui. Tabia ya kila wiki ndo inaua, na pia uzi wa mishono, ambao huwa ni mwembamba kuliko kitambaa chenyewe na hakuna anayeufikiria. Naletewa majaketi ambayo kitambaa bado kizima ila mshono wa bega ukiuvuta kwa vidole unaachia tik tik tik.

Ngozi ndo kabisa. Ngozi iliyolowa ikikaushwa kwa moto, iwe jua kali, hita, draya ya nywele au juu ya injini iliyotoka safari (ndio, wapo), maji yanakimbia haraka, nyuzi zinashikana na ngozi inasinyaa. Ukija kuivaa imekuwa kadibodi, kwapa halifunguki, unaipaka mafuta chupa nzima na haibadiliki, kwa sababu mafuta yanalainisha ila hayarudishi nyuzi zilizoshikana. Ngozi ikilowa ifute kwa taulo, ipe umbo lake kwenye hanga pana, jaza mikono na taulo kavu kama unataka iende haraka, kivulini, hewa inapita, subiri. Ikibaki na ubichi kwa mbali sana, kabla haijakauka kabisa, ndo unapaka mafuta ya ngozi, kidogo. Mara ngapi kwa mwaka? Hapo mafundi tunabishana na chupa zenyewe zinabishana. Mimi napaka pale ngozi inapoanza kuonekana imekauka kwenye mikunjo ya kiwiko, basi, na nimeona majaketi mengi zaidi yaliyoharibiwa kwa kupakwa sana kuliko yaliyosahauliwa, yanakuwa malegevu yananata, na ukungu unapenda hayo mafuta balaa.

Padi za mabega na magoti zina uzito, kwa hiyo hanga nyembamba ya waya inachimba bega na jaketi linabaki na pembe mbili. Suruali itundike kutoka kiunoni. Ngozi usikunje. Ya kitambaa ukilazimika kukunja badilisha mstari wa mkunjo kila mara, kwa sababu membreni ikikunjwa palepale miaka nenda rudi inakuja kupasuka hapo na utailaumu mvua. Velkro funga zote, tafadhali, ile upande wa ndoano ikiachwa wazi inakula bitana. Na kama bado vumbi linakunyima usingizi funika na shuka kuukuu la pamba. Linapitisha hewa na kazi imeisha.

Helmeti sasa. Ndani ya lile ganda kuna polistaireni, ile povu nyeupe ngumu, na ndo inayokufa badala ya kichwa chako siku ya ajali. Inabonyea mara moja, hairudi. Ndo maana kutundika helmeti kwenye saiti mira kunanikera, ncha ya kioo inakaa palepale kwenye povu kila siku, uzito wote juu yake, na ukichomoa kitambaa unakuta kashimo. Iweke kwenye shelfu, kwa kitako chake, mbali na ukingo. Petroli ya maji, thina na dawa kali za kusafishia zinaiyeyusha polistaireni wazi wazi na baadhi ya maganda ya plastiki yanapasuka nyufa. Kuhusu mvuke wa petroli tu, helmeti kukaa gereji moja na pikipiki, watu wanatishana sana. Mimi nadhani kwenye chumba chenye hewa hatari yake imekuzwa, lakini kabati moja lililofungwa lenye dumu la petroli na helmeti siwezi kulitetea. Ndani ya nyumba ni bora, basi.

Kitambaa cha ndani kama kinachomoka kifue kwa mkono, maji vuguvugu na shampuu ya watoto, kikauke chenyewe kabla hujakirudisha. Kioo cha helmeti osha kwa maji na sabuni laini, wadudu waliokauka wawekee kitambaa kilicholowa dakika kumi walainike, usikwangue na tishu kavu. Na ukihifadhi acha kioo wazi kidogo, upana wa kidole, hasa kama kina ile lenzi ya ndani ya kuzuia ukungu wa pumzi, maana yenyewe inanyonya unyevu na lazima ipate pa kuutolea. Kuna wanaosema kifungwe ili mpira wa kioo usipinde. Nimesikia, sijaona mpira uliopinda kwa hilo, nimeona lenzi nyingi zilizofanya madoa.

Miaka mitano nayo inaulizwa kila siku. Snell, ile taasisi ya Marekani ya kupima helmeti iliyoanzishwa 1957, inashauri ubadilishe baada ya miaka mitano, na watengenezaji wengi wanasema hivohivo. Nawaambia wateja wafuate. Ila wenyewe Snell wanasema ni suala la tahadhari, si kwamba povu inageuka unga siku ya kuzaliwa ya tano. Gundi, jasho, kitambaa kuchoka na kulegea kichwani, hivyo ndo vinavyozeeka, kwa hiyo helmeti ya mtu wa kila siku na ile iliyokaa shelfu kavu hazizeeki sawa, na tarehe peke yake haikwambii lolote kuhusu ile iliyoanguka kwenye sakafu ikiwa imebeba kufuli ndani. Na usiweke vitu ndani ya helmeti. Tupu ikianguka kutoka mkononi mara nyingi inapona, ikianguka na mzigo ndani povu ndo inapigwa.

Glavu: zivue kwa kuvuta kila kidole kidogokidogo, zikiwa zimelowa ukizinyofoa bitana inatoka na vidole na kuirudisha ni kazi ya saa nzima ambayo nitakutoza. Zikauke zimesimama, mdomo juu hewani.

Buti zina kisa cha kinyume na watu hawaamini mpaka nikiwaonyesha. Soli nyingi, au lile tabaka la kati la soli, ni poliurithani, aina ya plastiki, na poliurithani inavunjwa na unyevu wa hewa taratibu hata kama hujavaa. Na ambayo haivaliwi mara nyingi inawahi. Mtu ananunua buti nzuri, anazitunza kwenye boksi lake na karatasi zake, anasubiri safari kubwa, miaka inapita, anazivaa asubuhi ya safari, kufika kituo cha mafuta soli imebaki kwenye pedali. Mpya kabisa kwa macho! Kwa hiyo buti zilizolala muda mrefu, kabla ya safari zikunje kwa mikono kwa nguvu kwenye kidole gumba, bonyeza ukucha pembeni mwa soli. Ukucha ukiacha alama inayomomonyoka kama chaki, usiondoke nazo. Na zikae kwenye shelfu nje ya boksi.

Kama ukungu umeshaota, toka nalo nje kwanza, usilipige brashi sebuleni ukapanda mbegu kwenye makochi. La kitambaa toa padi, fua kwa sabuni ya maji isiyo na kilainisho maana kilainisho kinaua ile dawa ya nje inayofukuza maji. La ngozi futa na kitambaa chenye maji na siki kidogo, lisilowe, jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, kausha kivulini. Madoa meusi yaliyoingia ndani ya ngozi hayatoki, hata ukilipa.

Na wewe uliyeniuliza wiki hii kuhusu kuweka jaketi kwenye friza liue harufu: baridi inalaza bakteria, haiwaui wote, likipata joto la mgongo wako wanaamka na njaa. Litoe, lifue.