Mto Columbia Haujapotea Njia: Dhana Potofu Kuhusu Bonde la Kootenay

Karibu kila kundi la wageni ninaloliongoza katika eneo la Kootenay, kusini-mashariki mwa jimbo la British Columbia nchini Kanada, huwa na mtu anayesimama kando ya Ziwa Columbia, akaona mto unatoka humo kuelekea kaskazini, kisha akaniambia kwa uhakika kwamba ramani yangu imekosewa, kwani Columbia huenda Marekani. Ramani haijakosewa. Maji hufuata mteremko, hayafuati dira, na hapa bonde linashuka kuelekea kaskazini-magharibi kando ya milima ya Rocky. Ndiyo maana mto huo husafiri takriban kilomita 300 ukiwa umeupa mpaka wa Marekani mgongo, ukaizunguka milima ya Selkirk, ndipo ukageuka kusini na kupita Revelstoke.

Kinachonichosha zaidi ni dai linalofuata, kwamba Mto Kootenay nao basi huanzia ziwani humo. Hapana. Kijijini Canal Flats, Kootenay hupita umbali usiofika kilomita 2 kutoka ziwani bila kuligusa, ukielekea upande wa pili kabisa: hushuka hadi majimbo ya Montana na Idaho nchini Marekani, hurudi Kanada karibu na Creston, huingia Ziwa Kootenay, hupita Nelson, na hukutana na Columbia huko Castlegar. Mwaka 1889 ulikamilika mfereji wa kuiunganisha mito hiyo, lakini meli za mvuke zilizowahi kuupita ni mbili tu. Asiyeniamini achukue ramani ya karatasi na kuifuata mito yote miwili kwa kidole, kwa sababu kwenye kioo cha simu mto hukatika kabla kona haijaonekana.

Wapo pia wanaoyasifu Maziwa ya Arrow, yaliyo kwenye Mto Columbia kusini mwa Revelstoke, kuwa ni maumbile matupu. Maziwa yalikuwepo, ila kina chake cha sasa kimetokana na bwawa la Keenleyside lililokamilika mwaka 1968, na watu wapatao 2,000 walihamishwa.

Na Wasinixt, wenyeji wa asili wa eneo hili, hawajatoweka, ingawa serikali ya Kanada iliwatangaza hivyo mwaka 1956. Wengi wao wanaishi jimbo la Washington, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba mmoja wao, Rick Desautel, alikuwa na haki ya kuwinda katika ardhi ya mababu zake upande wa Kanada.