Kula na kulana katika sataranji

Aliyekulia kwenye drafti akihamia sataranji huja na mazoea yanayomponza: akiona kete inalika, anakula. Kwenye drafti hana hiari, sheria inamlazimisha. Kwenye sataranji kula ni ruhusa tu, na mara nyingi kuacha ndiko kunakomuumiza mwenzako zaidi.

Kula ni kuiondoa kete ya mpinzani na kukaa palepale ilipokuwa. Kulana, au kubadilishana, ni kula huku ukijua utaliwa. Cha bure hakina mjadala, ukishahakikisha si chambo. Kazi iko kwenye kulana.

Wengi huanza na pointi: askari 1, farasi na askofu 3 kila mmoja, ngome 5, malkia 9. Hesabu hii itakuzuia usitoe ngome kwa askari wawili, lakini haijui kete imekaa wapi wala inafanya nini. Kuna kosa ambalo wanaoanza hulifanya sana. Askofu wako yuko c4 (herufi hutaja safu ya ubao, namba hutaja mstari), farasi g5, wote wanaikodolea macho f7, ambapo askari mweusi analindwa na ngome yake na mfalme aliyekwisha kujificha pembeni. Farasi anamla askari, ngome inamla farasi. Askofu anaila ngome, mfalme anamla askofu. Umetoa 6, umepata 6. Kwa pointi ngoma droo. Ubaoni umetoa kete zako mbili zilizokuwa tayari vitani, ukachukua ngome ambayo ilikuwa haijafanya lolote. Ngome zako mwenyewe bado zimefungiwa nyuma, na mwenzako ana farasi na maaskofu wengi kuliko wewe.

Kwa hiyo usiulize tu nini kinatoka, uliza nini kinabaki. Mwaka 1971, jijini Buenos Aires, Bobby Fischer na Tigran Petrosian walikuwa wanagombea nani akamkabili bingwa wa dunia, Boris Spassky. Katika mchezo wa saba Fischer alikuwa na farasi pale c5, farasi ambaye mchezaji yeyote angemtunza kama mboni ya jicho. Petrosian alikuwa na askofu aliyejikunyata d7. Hatua ya 22, Fischer akamtoa farasi huyo mzuri akamla askofu yule mnyonge. Waliotazama walishangaa. Lakini askofu yule ndiye aliyekuwa akiziba nyufa za Petrosian, na farasi alikuwa ameiziba safu ya c. Alipoondoka, ngome ya Fischer ilipita c1 hadi c7, na Petrosian akasalimu amri kwenye hatua ya 34.

Ukiwa umemzidi mwenzako kete, lana naye kete kubwa, ila askari wako watunze. Mfalme na askofu peke yao, au mfalme na farasi, hawawezi kumfunga mfalme aliye peke yake. Askari wako wa mwisho akiliwa ukabaki na mmoja wa hao tu, faida yako yote inaishia sare. Ndiyo maana aliyezidiwa hutafuta kumaliza askari. Aliyebanwa naye hupenda kulana, maana chumba kidogo hupumua watu wakipungua. Usimsaidie.

Askari wawili wakitazamana kimshazari, pia, usiwe na pupa. Anayekula kwanza mara nyingi humkaribisha mwenzake alipize kwa kete iliyokuwa imelala nyuma.

Tena huyohuyo Petrosian alikuwa fundi wa kutoa kikubwa apate kidogo. Zürich mwaka 1953, akicheza na Samuel Reshevsky, aliipeleka ngome yake e6, mdomoni mwa askofu. Reshevsky hakuila papo hapo. Alipoila, farasi wa Petrosian alikuwa amekwisha anza safari ya kwenda d5, akakaa hapo mbele ya askari weupe waliokuwa wakitishia kusonga. Mchezo ukaisha sare.