Maana ya "maporomoko ya miaka 1,000"

Mlima ukifukia kijiji, hazipiti siku nyingi kabla ya mtu kutangaza kwamba lilikuwa "tukio la miaka 1,000", kwa hiyo waliosalia wajenge tena bila wasiwasi, kwani lijalo litawakuta vitukuu. Kauli hiyo imerudiwa mno, na ni ya hatari.

Maana yake ni fupi. Wajiolojia wa uhandisi wakisema kipindi cha kujirudia ni miaka 1,000, wanasema kwamba katika mwaka wowote uwezekano wa tukio la ukubwa huo ni 1 kwa 1,000. Anayeishi hapo miaka 50 ana uwezekano wa karibu asilimia 5 wa kukutana nalo. Miaka 1,000 inaweza kupita pasitokee lolote, au yakatokea mawili.

Lakini hata wanaolijua hilo huteleza kwenye jambo kubwa zaidi. Hesabu hii imezoeleka kwenye mafuriko, na huko inakaa vizuri: mto hufurika, maji hupungua, nao hubaki kuwa mto uleule, tena mara nyingi una vipimo vya miongo mingi. Mlima ukishaporomoka umebadilika. Tabaka la mwamba lililoteremka Goldau, Uswisi, mwaka 1806 na kuua watu 457 haliwezi kuteremka mara ya pili. Sasa hiyo "mara moja kwa miaka 1,000" ni ya nini?

Kwa kawaida ni ya eneo zima. Wajiolojia hutembea bondeni wakitafuta vifusi vya kale, huchora makovu ya milima kwa vipimo vya leza kutoka angani, kisha hukadiria umri: kaboni 14 kwa miti iliyofukiwa, beriliamu-10, atomi zinazoongezeka katika mwamba ulio wazi kwa miale ya kutoka angani, kwa nyuso za majabali yaliyoachwa wazi na anguko. Wakipata matukio machache katika miaka elfu kadhaa, wanagawanya miaka hiyo kwa idadi ya matukio. Na kwa kuwa makubwa ni machache mno, mara nyingi hulazimika kukisia idadi yake kutokana na madogo yaliyo mengi. Ni kazi ya heshima, ila inatoa wastani wa miteremko yote kwa pamoja. Ndani ya wastani huo unaweza kujificha mteremko mmoja ulio karibu kuanguka.

Mteremko huo hupimwa kwa njia nyingine: nyufa zimeelekea wapi, tabaka zimelalia upande gani, maji yamejaa kiasi gani ndani ya mwamba, na zaidi ya yote, je, unasogea? Pale kwenye bwawa la Vajont, Italia, ufa mrefu ulifunguka mwaka 1960 kwenye Monte Toc, mlima ulio juu ya bwawa hilo, na kipande cha mteremko kikaanguka majini. Kabla ya usiku wa 9 Oktoba 1963 mlima ulikuwa ukisogea sentimita kadhaa kwa siku. Mita za ujazo zipatazo milioni 270 ziliteremka kwenye bwawa, wimbi likaruka ukuta, na watu wapatao 2,000 wakafa. Nani angethubutu kuupa mlima ule wastani wa miaka? Ndiyo maana huko Åknes, Norwei, mwendo wa mlima hupimwa mfululizo na tishio lake hupangwa kwa kuangalia muundo wa mwamba na kasi yake.

Wala anguko lililopita si nafuu. Mteremko wa Oso, Marekani, uliteleza 2006, na 2014 ukateleza tena, mara hii ukifika mbali zaidi na kuua watu 43. Kilichobaki juu baada ya anguko huenda kimepoteza egemeo lake, nacho kinahitaji kukaguliwa upya.

Kwa hiyo ukiisikia tena namba hiyo, muulize msemaji kwa upole: ni ya eneo gani, ya ukubwa gani, na je, kuna mteremko hapo uliopimwa ukasogea? Kama upo, mwambie aanze na huo.